Vigingi vya Nyarufunzo

Vigingi vilichipua. Si kimoja wala viwili. Mstari mzima, kuanzia ukingoni mwa migomba ya kina Leonidasi hadi kule ambako mafunjo yanampita mtu kimo, kila kijiti kilichopigiliwa bwawani wakati wa kiangazi kilikuwa na majani mabichi yanayong'aa, kama watoto waliopakwa mafuta tayari kwenda kanisani. Mvua za vuli zilikuwa hazijamaliza hata mwezi.

Leonidasi alisimama pale asubuhi hiyo, suruali ameikunja hadi magotini, akacheka mpaka akashika tumbo. Ramani ya wataalamu ilikuwa imeota majani. Ndivyo alivyokuwa: jambo likimkuta, alilicheka kwanza, ndipo akaliangalia. Akageuka kutafuta wa kucheka naye. Nyuma yake alikuwapo mama yake tu, Scholastika, jembe begani, na mama hakuwa akicheka.

"Ni mivumu hii," mama alisema.

"Naiona, mama. Bwawa limeota ndevu."

"Nani alikata vijiti?"

"Mzee Bigirimana."

"Na nani alivipigilia?"

"Yeye huyohuyo. Mimi nilikuwa nashika kamba, kazi ya wenye elimu."

Scholastika alishusha jembe, akaligusa jani moja kwa kidole kama mtu anayepima uji. "Basi umempa mtu shamba, Leoni," alisema, akalirudisha jembe begani na kwenda zake.

Kicheko kilimkauka Leonidasi mdomoni. Hakuwa mgeni wa desturi za kwao, ingawa miaka ya bweni ilikuwa imemfunza kuzitazama kwa mbali, kama picha ukutani. Katika vilima vile kigingi kikavu hakikuwa na neno. Mfunge mbuzi wako, kesho uking'oe. Lakini kijiti kibichi cha mvumu, mti unaochipua hata ukikatwa, kikipigiliwa mbele ya mtu aliyesema kwa kinywa chake kwamba hapa ni pako, kisha pombe ikanywewa pale pale, kisha kikashika mizizi, hakuna mahakama iliyokuwa na karatasi nzito kuliko hiyo. Wahangaza, wenyeji wa vilima hivyo, waliijua desturi hiyo. Warundi wa ng'ambo ya mpaka waliijua vilevile.

Na Leonidasi alikuwa amesema. Na pombe alikuwa amekunywa.

*

Kazi yenyewe ya vigingi ililetwa na Bi Naima. Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini, mjukuu wa mtu aliyetoka pwani na mizigo ya chumvi na vitambaa, akayapenda mapato ya bara na kuisahau njia ya kurudi. Naima aliuacha ukoo wake dukani akaenda kusomea udongo, jambo ambalo shangazi zake hawakumsamehe mpaka siku alipokuja kuwasalimu kwa gari la mradi.

Siku ya kwanza alisimama ukingoni mwa bwawa la Nyarufunzo na chuma kirefu cha kupimia kina. Akakikandamiza. Chuma kikazama bila ubishi, kikazama, mpaka mkono wake ukagusa maji.

"Huu si udongo kama wa kule mlimani," alisema. "Haya ni mafunjo yaliyokufa tangu enzi na enzi, yakashindwa kuoza kwa sababu yamelala majini. Yakiendelea kulala, hewa chafu imefungiwa humo. Mkichimba mitaro maji yakaondoka, yanaoza, yanaungua kwa chini, na hiyo hewa inapanda kuongeza joto duniani."

"Kwa hiyo, dada Naima, dunia nzima imekuja kuficha moshi wake kwetu?"

"Ndivyo."

"Na haikupiga hodi."

Naima alicheka, na kuanzia hapo Leonidasi akawa na ajira. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, miguu isiyoogopa ruba, na mdomo wa kuwafanya wazee wakubali kupimiwa bonde lao. Mradi ulitaka kuchora ramani ya mabwawa yote ya udongo wa namna ile, Ngara na Biharamulo, na kuonyesha pale ambapo watu wangeweza kulima bila kukausha: magimbi yanayosimama majini, mafunjo ya kusukia mikeka, matete ya kuezekea. Kijani, panafaa. Njano, pajadiliwe. Nyekundu, pasiguswe. Bonde litakalopakwa kijani lingepata mbegu, wataalamu na soko, na kijiji kingepewa haki ya kulitumia. Lisilopakwa lingebaki la mbu na vyura.

"Ila sharti la kwanza ni hili," Naima aliwaambia wanakijiji. "Eneo lenye mgogoro haliingii kwenye ramani. Watu wawili wakilidai, nalifuta, naenda bonde jingine."

Vigingi vya alama vilipaswa kuwa vikavu, vya msindano, kutoka msitu wa kupandwa kule Biharamulo. Lori lilikwama njiani. Kungoja hakukuwa tabia ya Leonidasi; alimwambia Naima asijali, akamgeukia kibarua wake: "Kata vyovyote, mzee, mradi visimame."

Kibarua huyo alikuwa Bigirimana, mkimbizi wa kambini, mtu mrefu aliyepinda kidogo mabegani kama anayepita kila wakati chini ya mlango mfupi. Alikuja mwaka wa vita akiwa na mke na binti. Mke alizikwa kambini, binti, Keza, alikulia humo akazaa humo. Miaka yote hiyo mzee alikuwa amelima mashamba ya wenyeji kwa malipo ya ndizi na maharage. Sasa kambi ilikuwa inafungwa. Kila wiki malori yalipakia watu kuelekea Kabanga, na ng'ambo ya Kabanga kulikuwa na Burundi, na huko kwenye kilima cha Bigirimana kulikuwa na mtu mwingine amejenga juu ya msingi wake, mtu mwenye bunduki. Kambini walinong'onezana kwamba mwenye shamba upande huu, na mwenyeji wa kumsemea, jina lake lingeweza kurukwa katika orodha ya malori. Hakuna aliyejua mnong'ono huo ulianzia wapi, lakini watu walikuwa wameushika kwa mikono miwili.

Hayo yote mzee aliyasimulia akipigilia, nyundo ikipanda na kushuka. Leonidasi hakuwa na mahali pa kuyaweka. Huzuni ya mtu mzima ilimwasha kama upupu, na dawa yake aliijua moja tu.

"Sasa, mzee, unaona taabu gani na bwawa lote hili? Piga hapo. Hapo ni pako. Piga na pale. Pale napo ni pako. Mimi Leonidasi, mtawala wa vyura wote wa Nyarufunzo, nimekupa."

Nyundo ilisimama hewani. Mzee akaishusha, akavua kofia yake.

"Umesema, mwanangu?"

"Nimesema."

Bigirimana alikunja viganja akapiga makofi ya taratibu, jinsi wazee wa kwao wanavyopokea ng'ombe. Leonidasi alifurahi. Alidhani amepata mtu wa kutaniana naye, na mtu mzuri, asiyecheka mapema akaharibu mchezo.

Baada ya siku chache mzee alikuja na Keza, kibuyu cha pombe ya ndizi kichwani mwake, wakaweka kituo kwenye kigingi cha kwanza. Leonidasi alipewa mrija, akanywa. Scholastika, aliyekuwa akichuma maharage jirani, aliitwa naye akanywa.

"Tamu," Leonidasi alisema, akafuta midomo. "Mkinipa ya namna hii, nitawapa na Ziwa Viktoria."

Mzee alitabasamu. Keza hakutabasamu. Alikuwa akimtazama Leonidasi kooni, kama mtu anayehakikisha mgonjwa amemeza dawa.

Kisha Bigirimana alipanda magimbi, kufuata mstari wa vigingi, majini, bila kuchimba hata mfereji wa kidole. Naima alipiga picha. Alisema ni mfano wa kuigwa.

*

Majani yalipotoka, kijiji kilisoma. Hakuna aliyehitaji kusomewa. Dukani, kisimani, barabara ya Kirushya, habari ikawa moja: mkimbizi amejitwalia Nyarufunzo yote, na kijana wa Scholastika ndiye aliyempa.

Leonidasi alikwenda bwawani akiwa ameyapanga maneno. Angesema tu: mzee, ile ilikuwa mizaha. Hata angeicheka mwenyewe kwanza, ili isimwume mwenzake. Alimkuta Bigirimana amesimama kwenye maji, akipalilia kwa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone." Alimwongoza kigingi hadi kigingi. "Kwetu, kikifa kimoja tu, watu husema aliyetoa alitoa kwa nusu ya moyo. Tazama. Vyote vimeshika."

Maneno ya Leonidasi yalikuwa pale kwenye ulimi. Alitazama majani, akatazama mikono ya mzee, myeusi kwa tope la mafunjo mpaka viwikoni.

"Vimeshika kweli," alisema. Akarudi nyumbani.

Mkutano uliitishwa mbele ya ofisi ya kijiji, mchana, jua likiwa limesimama juu ya vichwa. Mwenyekiti Desderius aliketi mezani. Naima alikaa pembeni, ramani ameikunja magotini, uso wake kama wa mtu ambaye hakutaka kuwapo. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye nyasi. Bigirimana alisimama, kofia mkononi, na Keza nyuma yake, mtoto mgongoni.

"Mzee," Desderius alianza, "nani alikupa Nyarufunzo?"

"Kijana huyu, mwenyekiti. Nilipiga, akasema ni pako. Pombe nilileta, akanywa."

Mkutano mzima ukamgeukia Leonidasi. Naye alihisi kitu kigeni: kwamba neno moja lilikuwa limesimama mbele yake na pande zote mbili lina watu. Akisema ndiyo, Naima angekunja ramani na kwenda zake. Kijiji kingekosa bonde, na kila njaa ya miaka ijayo ingeitwa kwa jina lake. Akisema hapana, kulikuwa na lori. Angeweza pia kusema ukweli wote, kwamba alisema lakini alitania, alikunywa lakini hakufikiri. Lakini ukweli huo ulikuwa na sura ya mtu mpumbavu, na mtu huyo alikuwa yeye.

Basi alifanya alichojua kufanya.

"Mwenyekiti, mimi Leonidasi sina hata pa kuzikia kuku. Nimpe mtu bwawa nimelitoa wapi, nimezaliwa kiboko?"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha nafuu, kama mzigo umetuliwa chini. Mabenchi yaliyumba. Hata Desderius alijifuta macho.

"Kwa hiyo hukusema?"

"Sikusema."

"Na pombe hukunywa?"

"Ulikunywa, mwanangu," Bigirimana alisema. Hakupaza sauti. "Ulisema ni tamu."

"Mwenyekiti, pombe ya huyu mzee ningeinywa, leo nisingekumbuka hata jina la mama yangu."

Wakacheka tena, zaidi. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Leonidasi hakulitarajia: Bigirimana naye alicheka. Alicheka kidogo, kwa adabu, kama mgeni anavyocheka mezani mwa watu asije akaonekana ana kinyongo, huku macho yake yakipita kwenye nyuso moja moja, yakitafuta.

Yalimpata Scholastika kwenye nyasi.

"Mama Leoni alikuwapo," mzee alisema.

Kicheko kilikatika. Scholastika alijifunga upya kitenge kiunoni, akavuta muda mrefu katika fundo lile kuliko fundo linavyohitaji.

"Siku hiyo mimi nilikuwa nachuma maharage," alisema.

Ilikuwa kweli kabisa. Hakuna neno lake hata moja lililokuwa la uongo.

Desderius aligeukia upande wa Naima. "Umesikia, Bi Naima. Hakuna mgogoro."

Naima alimtazama Leonidasi kwa muda. Alikuwa amezipiga picha za magimbi yale mwenyewe. Kama alikuwa na swali, alilimeza. Akafungua ramani juu ya mapaja yake, akachukua kalamu ya kijani.

Njiani kurudi nyumbani Scholastika alitangulia. Leonidasi alimfuata akitafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza hakuona la kuchekesha hata barabarani, ambako kulikuwa na bata wa jirani waliovuka kwa mstari kama masista. Walipofika uani mama alisimama bila kugeuka.

"Usije ukanishukuru," alisema.

*

Mgambo waling'oa vigingi. Iliwachukua muda, kwa sababu vilikuwa vimeshika kweli. Vingine walivikata tu juu wakaviacha. Magimbi hawakuyagusa. Magimbi, walisema, hayana kosa.

Bigirimana na Keza walipakiwa katika lori la wiki iliyofuata. Leonidasi hakwenda kuaga. Alikwenda njia panda tu, akijiambia ana shida ya sabuni, na lori lilipopita alimwona mzee amesimama katikati ya watu, amepinda mabegani ingawa juu yake hapakuwa na kitu ila mbingu. Keza alikuwa pembeni, ameshika ubao. Alimwona Leonidasi. Aliinamisha kichwa kidogo kumsalimu, kama mtu anavyomsalimu mwenye nyumba ambako alilala usiku mmoja. Leonidasi angeshukuru zaidi kama angetukanwa.

Baada ya hapo maisha yalimwendea vizuri, na hilo ndilo lililomtesa. Alitarajia kijiji kimtazame kwa jicho la pembeni. Badala yake wazee waliokuwa wakimwita "huyo mpayukaji" walianza kumsogezea kiti. Dukani alikaribishwa soda. Mtu mmoja ambaye shamba lake lilikuwa limepakana na bwawa, na ambaye siku ya kibuyu alikuwa akikata majani ya ng'ombe karibu kabisa na kigingi cha kwanza, alimshika mkono akautikisa sana, bila kusema ni kwa ajili ya nini. Alipotikiswa mkono wa namna hiyo mara nyingine, na nyingine, Leonidasi alianza kuelewa ni watu wangapi walikuwa wameiona pombe ile ikinywewa. Walijua wote. Walikuwa wameketi pale kwenye mabenchi, wakijua, wakamsubiri awachekeshe.

Alijaribu kunyamaza. Ikawa kichekesho kipya. Walisema anaringa kwa sababu ya kazi ya mradi. Alijaribu siku moja kumwambia Desderius, wakiwa wawili tu njiani, "Mwenyekiti, yule mzee nilimpa." Desderius alisimama, akamtazama, akaangua kicheko mpaka akaegemea baiskeli. "Wewe kijana," alisema, "wewe utatuua."

Kiangazi kilichofuata walikuja wageni wa mradi, magari matatu, kofia na makoti ya mvua katika jua kali. Nyarufunzo lilikuwa limegawanywa kwa familia za kijiji. Ramani ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, na katikati yake bonde lilikuwa kijani safi, kijani tupu, bila doa. Wageni walilisifu. Wakasema ni nadra kukuta eneo kubwa namna hii ambalo halina mwenyewe.

Leonidasi ndiye aliyepewa kazi ya kuwatembeza. Aliwaonyesha chuma cha kupimia kina, akawaeleza kuhusu hewa iliyofungiwa na maji yasiyotakiwa kuondoka. Alisema kama alivyofundishwa, neno kwa neno. Kijiji kizima kilifuata nyuma, na mama yake akiwamo, nyuma kabisa.

Wakafika kwenye magimbi. Yalikuwa yamekomaa, majani mapana kama ungo, yamesimama majini kwa mstari ulionyooka mno, kutoka ukingoni mwa migomba hadi kule kwenye mafunjo marefu. Kwingine kote bwawani miche ilikuwa ya juzi tu, midogo, ya njano. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, alichuchumaa, akashika shina moja kwa heshima.

"Haya ni ya zamani kuliko mengine," alisema. "Nani alianza? Nani aliyapanda?"

Naima alitazama chini, kwenye maji. Desderius alikohoa. Mmoja mmoja watu walimgeukia Leonidasi, na alipovuta pumzi ili ajibu, walikuwa wameshaanza kucheka.